ISIFU NGUO, LAKINI MLIPE FUNDI

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini katika mambo ya mavazi siku hizi pete huvikwa vidole vya kila mtu isipokuwa kile kilichochomwa na sindano. Mwenye duka husifiwa, mbuni mitindo hupigwa picha, mvaaji hutazamwa kila apitapo. Fundi aliyeinamia cherehani tangu asubuhi mpaka macho yakamwuma hatajwi, na mara nyingi hata ujira wake haujatimia. Hilo ndilo jambo ninalotaka kuzungumza nanyi leo, wasomaji wapenzi, na nitalianzia mahali ambapo huenda hamkutazamia: Lavington, Nairobi.

Mtaa huo wa magharibi ya mji si mgeni kwa jamaa zetu wa pwani. Wako waliohamia kwa ajili ya kazi, wako wenye watoto na wakwe huko, na wako wanaopita tu wakienda kutembea. Zamani pande hizo zilikuwa za kahawa ya mapadri wa misheni ya St. Austin's, iliyoanzishwa mwaka 1899. Leo ni mtaa wa majumba yenye bustani, maghorofa yanayozidi kuchomoza, na maduka kando ya barabara ya James Gichuru. Katika maduka ya namna hiyo utakuta nguo zimetundikwa kwa nafasi, hazikurundikwa kama za Gikomba, na baadhi yake zina kijikaratasi kinachomwambia mnunuzi kwamba nguo hii imeshonwa hapa hapa Kenya na aliyeishona amelipwa kwa haki.

Ukitoka hapo ukaelekea magharibi, safari ya miguu isiyo ndefu, unaingia Kawangware, kituo cha mwisho cha matatu za nambari 46. Huko cherehani ziko mbele ya vibanda, nyingine bado ni za kukanyaga kwa miguu, na fundi anashona huku akijikinga vumbi la njia. Hapa hakuna kijikaratasi. Watu wa mitaa hii miwili wanaamkia jua moja na kunyeshewa mvua moja, na wote wana hamu ya nguo nzuri. Tofauti ni kwamba upande mmoja haki ya fundi imeandikwa juu ya karatasi, na upande wa pili hakuna anayeiuliza. Je, haki ni ya nguo za dukani peke yake?

ILHAMU YATOKA WAPI?

Wabunifu wa mavazi hupenda kuulizwa ilhamu zao wanazipata wapi. Wa Nairobi watakutajia shanga za Wamaasai, watataja vitambaa vya Afrika Magharibi, lakini ni nadra kuikosa pwani katika majibu yao. Gauni lililokatwa katika doti ya kanga, koti la kikoi, blauzi yenye tarizi shingoni mithili ya kanzu: hayo yote ni mashina ya kwetu yaliyochipua matawi mengine.

Wala si jambo la jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa hapo hazikuwa na mfano na zilipelekwa hata Misri. Pate nayo ilijulikana kwa vitambaa vyake vya hariri. Kwa hiyo anayedhani kwamba watu wa mwambao huu walikuwa wavaaji tu wa vitu vya wageni hajaisoma historia sawasawa.

Na ufundi wenyewe ni elimu. Itazameni kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Mshonaji asiyeijua hulikata jina katikati, nusu likabaki kifuani na nusu mgongoni, kama mtu aliyekatizwa maneno. Anayeijua hulipanga jina lisomeke, mji akauweka mahali pa kuonekana, na pindo likawa ukingo wa mikono au wa sketi. Itazameni na kanzu. Ina badani mbele na nyuma. Ina taharizi ubavuni ili mtu apate nafasi ya kupiga hatua na kurukuu. Ina vikwapa ili mshono usipasuke anapoinua mikono kuomba dua, na sijafu mwisho wa mikono. Kila kipande kilifikiriwa na mtu aliyejua mwili unavyokwenda. Ama kofia ya viua, vile vitundu vidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano ya mkono, na kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki nyingi.

Mimi simlaumu mbunifu wa Lavington kwa kuchota kisima hiki. Ilhamu ni kama maji ya kisima cha msikiti, hayana mwenyewe. Nisichokubali ni mtu kuchota kisha akakizungushia kisima ukuta. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Wenye biashara wa Kenya na marafiki zao walipinga, na ombi hilo halikufaulu. Lau lingefaulu, watu wetu wangezuiwa kuuza kikoi kwa jina lake katika soko la Waingereza. Basi tuliamka kulitetea jina, na tulifanya vyema. Lakini jina halina tumbo. Mwenye tumbo ni fundi, na kwake yeye hatujaamka.

SOMO LA MERIKANI

Wako watakaosema kwamba habari hizi za nguo za haki ni mtindo wa Wazungu, wameshiba sasa wanatafuta la kujifurahisha. Nawaomba watazame nyuma kidogo.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakawa wanaleta Unguja nguo ya pamba, ngumu na ya kudumu, na watu wakaiita merikani. Ilipendwa mno, hata ikawa kama fedha ya misafara ya bara, ambako kwa merikani zilinunuliwa pembe za ndovu na walinunuliwa watu. Pamba ya viwanda vile vya Marekani ilichumwa katika mashamba ya kusini na watumwa, watu wenye asili ya Afrika. Hebu fikirini: pamba iliyochumwa na mtumwa ng'ambo ile ilifumwa, ikavuka bahari, ikaja kumnunua mtumwa ng'ambo hii. Na muungwana aliyejifunga merikani yake hapa katikati hakuwa na habari. Alijua bei, hakujua thamani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na India zikashika mahali pake. Baadaye, utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, wanawake wakavaa kanga na wanaume kanzu na kofia, ili waonekane kwa macho kuwa ni watu huru. Kwa hiyo sisi hasa ndio tunaojua kwamba nguo hubeba hadhi ya mtu, na huweza pia kubeba dhuluma. Hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali.

Wala dhuluma hiyo haikwenda na merikani. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka likiwa limejaa washonaji. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado waliambiwa waingie kazini. Wengi wao walikuwa wasichana, na wengi walikuwa Waislamu wenzetu, wakishona nguo za kuuzwa rahisi katika nchi za mbali. Hapa petu, baada ya Marekani kutoa nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA wa mwaka 2000, viwanda vilifunguliwa Athi River na kwingineko, na maelfu walipata kazi. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2003 wafanyakazi hao hao waligoma kwa sababu ya malipo na masharti ya kazi. Kazi ni neema, lakini kazi isiyomtosheleza mtu chakula na kodi ya nyumba ni neema iliyokatwa nusu.

WANAOJARIBU

Ni haki pia kuwataja wanaojaribu njia nyingine. Mwaka 1996 Ann McCreath, mzaliwa wa Scotland, alianzisha Nairobi nyumba ya mavazi aliyoiita Kiko Romeo, yaani kikoromeo chetu hiki cha shingoni, akitumia vitambaa na mikono ya hapa. Mwaka huo huo ulianza katika mji huo mradi wa Amani ya Juu, ambao uliwakusanya wanawake waliokimbia vita vya nchi za jirani wakafundishwa kushona na kuuza kazi zao. Mwanamke aliyevuka mpaka bila chochote alipata sindano, na kwa sindano akapata sahani. Na mwaka 2009 kilianzishwa kiwanda cha SOKO huko Taita Taveta, katika njia ya Mombasa, kinachoshona kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo kwa madhumuni ya kuwapa kazi yenye heshima watu wa eneo lile kavu. Mimi sisemi kwamba hawa hawana kasoro. Nasema wamekubali kuulizwa swali, na anayekubali kuulizwa huwa amekwisha piga hatua.

HESABU YENYEWE

Jibu la kwanza la watu wengi ni bei. Huuliza: nguo za haki ni ghali, na maskini avae nini? Swali hili ni la kweli na halifai kudharauliwa. Mitumba imewavika mamilioni ya watu wetu, na imewapa riziki wachuuzi wengi wa Gikomba na Kongowea. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019. Kenya ilirudi nyuma mwaka 2017, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 Marekani iliisimamishia Rwanda nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Jambo hilo basi si jepesi kama wasemavyo wa mdomoni. Ila mitumba imetufanyia dhara moja ambalo halionekani: imetuzoesha kudhani kwamba shati ni la shilingi mia, na kwamba fundi anayetaka zaidi ni mwizi.

Hebu tufanye hesabu, na hii ni mfano tu, si bei ya duka lolote. Tuseme gauni linauzwa shilingi 6,000, na fundi amelifanyia kazi siku mbili kwa shilingi 500 kwa siku. Amepata 1,000, yaani sehemu moja katika sita. Zilizobaki ni za kitambaa, uzi, kodi, umeme na faida ya mwenye duka. Sasa muongezeni fundi shilingi 300 kila siku, na nyongeza yote aibebe mnunuzi. Gauni litafika 6,600. Mnunuzi ameongeza sehemu moja katika kumi. Fundi mapato yake yamepanda kwa zaidi ya nusu. Kidogo cha mmoja ni kingi cha mwingine. Mara nyingi basi haki haihitaji mali nyingi. Inahitaji mtu aulize pesa zimekwenda wapi.

Na kwa mwenye kipato kidogo, jibu ni la wazee wetu: nguo chache, zilizoshonwa vizuri, zenye pindo pana ili ziachiwe mtoto akirefuka. Kanzu iliyotiwa taharizi sawasawa huvaliwa miaka mingi ikampitia na mdogo mtu. Nguo ya kupasuka mwezi wa pili hurudiwa kununuliwa, na mwisho wa mwaka imekula zaidi.

AIBU YETU

Sasa nifike penye uchungu. Jamaa yetu wa pwani aishiye Nairobi huingia duka la Lavington, akatazama bei iliyoandikwa, akatoa pesa bila kufungua kinywa. Akitoka hapo humsifu mwenye duka kuwa ni mtu wa haki. Kisha kitambaa cha kanzu za watoto hukipeleka kwa fundi wa Kawangware, au hukituma kwa fundi wa Kisauni, na hapo ndipo ulimi wake unapofunguka. Atateta mpaka mia iwe hamsini. Atatoa malipo ya nusu na nusu aiache "mpaka tutakapoonana." Ramadhani ikifika ishirini na tano ndipo aletapo doti nne za kanga na kutaka zote ziwe tayari kwa Idi. Fundi hukesha, Idi hufika, watoto hutoka wamependeza, na fundi hushinda sikukuu akidai.

Hii ni aibu, na kwetu sisi ni zaidi ya aibu. Tumesoma chuoni, tungali wadogo, kwamba Mtume (S.A.W.) amehimiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunaihifadhi Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaotaka kupimiwa kamili nao wakipima hupunja. Je, mwenye kudai mshono kamili na kulipa ujira pungufu si katika hao? Na wanavyuoni wamepokea kwamba Nabii Idris ndiye aliyekuwa wa kwanza kushona nguo. Kazi iliyofanywa na nabii haiwezi kuwa kazi ya kuteteshwa barazani.

Mafundi nao wasije wakacheka, maana wana deni lao. Iko ile "njoo kesho" isiyo na mwisho. Iko yadi ya kitambaa inayopotea ikaonekana katika nguo ya mtu mwingine. Iko kazi ya mwenye pesa nyingi inayoruka foleni ya mwenye kidogo. Nguo ya haki ina pande mbili kama badani, na upande mmoja ukiwa mfupi kanzu yote hupinda. Fundi anayetaka kuheshimiwa aseme siku anayoiweza, na masalio ya kitambaa ayarudishe.

LA KUFANYA

Ninapendekeza mambo machache, tena si makubwa. La kwanza, anayenunua nguo dukani amwulize muuzaji maswali matatu: nani ameishona, ameishonea wapi, na amelipwa kwa nguo au kwa siku? Duka lenye jambo la kweli litajibu. Lisiloweza kujibu, kijikaratasi chake kina kazi ya pambo tu.

La pili, anayeshonesha kwa fundi apatane naye bei mara moja, atoe sehemu mwanzoni, na iliyobaki ailipe siku anayoichukua nguo, pale pale, kabla ya kuijaribu mbele ya kioo. Nguo za Idi zipelekwe mwezi wa Rajabu au Shaabani.

La tatu, maduka yanayoandika jina la mbuni katika nguo yaandike na jina la fundi, ikiwa mwenyewe ataridhia. Fundi wa mlango wa Lamu huweka nakshi ambayo wajuzi huitambua ni ya mkono gani. Kwa nini mshonaji awe hana alama?

La nne, wabunifu wa Nairobi wanaotaka ilhamu ya pwani wasiishie kupiga picha. Waje washone na mafundi wa kofia wa Lamu na Siyu, wawape kazi, wawalipe kwa muda wa kazi yenyewe, si kwa uzito wa kofia. Hapo ilhamu itakuwa biashara ya halali baina ya pande mbili.

Kwa desturi ya ukurasa kama huu, mtunzi hasemi na watu bila kuwaachia beti. Naacha moja:

Vazi si bei na jina, vazi ni mtu na kazi,
Mkono usouona, ndio ulotia uzi,
Ujira ukiubana, umemvua mavazi,
Mlipe fundi mapema, usije vaa madeni.

Mwisho nawakumbusha jambo moja. Watu wa zama za merikani walikuwa na udhuru, kwani pamba ilichumwa mbali na hawakuwa na njia ya kujua. Sisi fundi wetu tunamjua kwa jina, tunajua kibanda chake na nambari ya matatu inayofika kwake. Idi ijayo watoto wetu watakapovaa, na tuhakikishe kwamba watoto wake nao wamevaa.